Kanga Huyu, Kanga Hii: Upatanisho wa Kisarufi na Visasili vya Maua, Ndege na Sanaa katika Metamorphoses ya Ovidius

Ikisiri

Visasili vya Kigiriki na Kirumi vinavyohusu maua na ndege husomwa mara nyingi kama ngano za usuli: vinaeleza ua fulani lilitoka wapi, au kwa nini ndege fulani ana doa kifuani. Makala haya yanahoji usomaji huo kwa kuchunguza baadhi ya visa vya Metamorphoses, utenzi mrefu wa mshairi Mrumi Ovidius. Nyenzo ya uhakiki ni upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili, ambao humlazimisha msimulizi kuamua ni wakati gani mhusika anakoma kuwa kiumbe hai na kuwa kitu, au kinyume chake. Makala yanaonesha kuwa katika utenzi huu ua hubeba huzuni ya aliyebaki, ndege huendeleza nafsi ya aliyegeuka, na kazi ya sanaa hubeba ushahidi wa aliyenyimwa sauti. Inahitimishwa kuwa uteuzi wa kiambishi katika tafsiri ya visa hivi ni uamuzi wa kimaadili kama ulivyo wa kisarufi.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno kanga ni la ndege na ni la nguo. Anayesema kanga huyu anamtaja ndege mwenye madoadoa. Anayesema kanga hii anaitaja nguo yenye pindo, mji na jina. Umbo la nomino halibadiliki. Kinachotenganisha kiumbe na kitu ni upatanisho peke yake. Ndivyo ilivyo pia kwa neno buibui: buibui huyu anafuma utando, buibui hili linavaliwa. Madarasani mifano hii hutolewa kuonesha maneno yenye maana zaidi ya moja, kisha mwalimu akaendelea na somo jingine. Hata hivyo, ndani yake mna swali ambalo fasihi ya dunia imeliuliza kwa karne nyingi: mpaka kati ya aliye hai na kisicho hai uko wapi, na nani ana mamlaka ya kuuchora?

Hakuna kazi ya kale iliyolishughulikia swali hilo kwa mapana kama Metamorphoses. Ovidius, aliyezaliwa mwaka 43 KK, aliutunga utenzi huu katika vitabu 15 vyenye karibu mistari 12,000, akakusanya humo visa vipatavyo 250. Wahusika wake hugeuka mti, jiwe, chemchemi, nyota, ua, ndege au mdudu. Ulikuwa umekwisha kuandikwa kwa sehemu kubwa Kaizari Augustus alipomhamishia mshairi huyo Tomis, mji ambao leo ni Constanța nchini Romania, katika mwaka wa 8 BK.

Fasihi ya Wagiriki na Warumi haikuanza kuingia katika Kiswahili jana. Samuel Mushi alitafsiri tamthilia ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode. Tamthilia, hata hivyo, humleta mhusika jukwaani akiwa na mwili na sauti yake. Mtafsiri hana haja ya kujiuliza kama Edipode ni yeye au ni hicho. Kisasili cha ugeukaji hakimpi mtafsiri nafuu hiyo. Katikati ya sentensi, kiima kinabadilika asili, na kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kuendelea bila kutangaza kiambishi. Makala haya yanashikilia kwamba tatizo hilo la mtafsiri linaweza kuwa faida ya mhakiki, kwa kuwa linamlazimisha kuona tofauti ambazo Kilatini kinaziruhusu zipite kimyakimya.

2.0 Upatanisho kama Nyenzo ya Uhakiki

Kilatini kina jinsi tatu za kisarufi, lakini jinsi hizo hazifuati uhai. Laurus, mti ambao Daphne aligeuka alipokuwa akimkimbia Apollo, ni nomino ya kike kama alivyo msichana mwenyewe. Flos, yaani ua, ni ya kiume kama lilivyo neno la mvulana. Avis, ndege, ni ya kike. Aranea, buibui, vilevile. Aidha, kitenzi cha Kilatini katika nafsi ya tatu hakioneshi kama mtendaji ni mtu, mti au jiwe. Kwa hiyo msichana anaweza kuwa mti na mvulana akawa ua ilhali sarufi imetulia kana kwamba hakuna lililotokea.

Kiswahili hakina utulivu huo. Daphne anakimbia, anaomba, anachoka. Mara gome linapomfunika, mti unasimama. A- imekuwa u-. Narcissus anatazama maji, ua linachanua. A- imekuwa li-. Lakini anayegeuka ndege au buibui habadili kiambishi, kwa kuwa nomino za viumbe hai, hata zikiwa na umbo la ngeli nyingine, hupatanishwa kwa a-/wa-. Mwanamke aliruka, ndege aliruka. Bila mshairi kukusudia, visa vyake vinagawanyika katika Kiswahili kwa mstari ambao lugha yake mwenyewe haikuuchora.

Pingamizi moja linapaswa kujibiwa mapema. Inaweza kudaiwa kuwa a- haina uzito wowote wa kimaadili, kwani nyoka, mende na bundi nao hupatanishwa hivyo hivyo. Hoja hiyo ni sahihi kwa kiasi chake. Kiambishi a- hakimpi kiumbe heshima ya ubinadamu. Kinamtambua kuwa hai na kuwa na uwezo wa kutenda. Lakini hilo ndilo hasa linalobishaniwa katika visasili vya ugeukaji. Isitoshe, mpaka wenyewe haujakauka hata katika matumizi ya kawaida. Neno maiti husikika likipatanishwa kwa namna mbili: maiti huyu na maiti hii. Wasemaji wa lugha moja, mbele ya mwili mmoja, hawajakubaliana kama aliyelala pale bado ni mtu. Sarufi hapo inaacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo fasihi inayoingia.

3.0 Maua: Kumbukumbu ya Aliyebaki

Kisa cha Narcissus, katika kitabu cha 3, ndicho kinachojulikana zaidi. Kijana anajipenda katika kivuli chake majini, anakonda, anakufa. Dada zake wa mitoni na wasichana wa msituni wanatayarisha kuni za mazishi, lakini mwili hauonekani. Mahali pake wanakuta ua lenye kiini cha manjano na petali nyeupe. Msimulizi wa Kiswahili ana njia mbili:

(1) a. Kijana aliinamia maji, akafifia, akawa ua.
b. Kijana aliinamia maji, akafifia. Mahali pake likaonekana ua.

Katika (1a), kiima ni kijana mpaka mwisho. Ua ni hali yake mpya, na nafsi yake inaonekana kuhamia humo. Katika (1b), kijana amekwisha, na ua ni kiima kingine kilichojaza nafasi. Wasimulizi wengi wa kisa hiki kwa watoto hupendelea muundo wa kwanza. Matini ya Ovidius inaunga mkono wa pili, tena kwa ushahidi ambao husahaulika: mshairi anasema kwamba hata alipopokewa kuzimu, Narcissus aliendelea kujitazama katika maji ya mto Styx. Nafsi, basi, imekwenda kuzimu na kiambishi chake cha a-. Duniani limebaki ua na li- yake. Ua si Narcissus.

Likiwa si yeye, ni la nani? Visa viwili vya kitabu cha 10 vinatoa jibu. Hyacinthus anauawa na kisahani cha kurusha alipokuwa akicheza na Apollo, mungu aliyempenda. Kutokana na damu yake linaota ua, na Apollo, asiyeridhika na hilo, anaandika juu ya petali kilio chake mwenyewe, AI AI. Ikumbukwe kuwa kilio hicho si cha mvulana. Mvulana hasemi neno lolote baada ya kupigwa. Ua lina maandishi, lakini mwandishi ni yule ambaye mkono wake ulirusha kisahani. Katika kitabu cha 13, shujaa Ajax anapojiua, ua lile lile linaota tena, na herufi zile zile sasa zinasomwa kama mwanzo wa jina lake na papo hapo kama kilio cha Hyacinthus. Maandishi yaliyowekwa juu ya mfu na mwingine yanaweza kugawiwa mfu mwingine tena.

Kwa Adonis hali ni hiyo hiyo. Nguruwe mwitu anamjeruhi, Venus anamwagia damu yake nekta, na kabla ya saa moja kupita linachomoza ua lenye rangi ya komamanga. Venus anatangaza wazi kwamba litakuwa ukumbusho wa huzuni yake, na kwamba maombolezo yataigizwa kila mwaka. Kumbukumbu ni ya mungu. Adonis ni sababu yake tu. Tena ua lenyewe halidumu, kwani upepo hulipukutisha upesi.

Kwa hiyo li- ya Kiswahili haimpokonyi mhusika kitu ambacho matini ilikuwa imempa. Inaweka bayana jambo ambalo uzuri wa ua hulifunika: katika visa hivi vitatu, vijana waliokufa wamegeuzwa mapambo, na katika viwili kati yake pambo ni mali ya mungu aliyebaki hai. Mtafsiri anayeng'ang'ania a- ili kuwaenzi atakuwa anaificha dhuluma hiyo kwa nia njema.

4.0 Ndege: Nafsi Isiyokatika

Ndege wa Ovidius wako katika hali nyingine kabisa. Mfano unaomgusa msomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja umo katika kitabu cha 8. Meleager anapokufa, dada zake wanalikumbatia kaburi na kulilia jina lake lililochongwa juu ya jiwe, hadi mungu Diana anawaotesha manyoya na midomo ya pembe na kuwarusha angani. Ovidius hataji jina la ndege hao, lakini Wagiriki waliwaita meleagrides, na ndiye kanga. Sayansi imelihifadhi jina hilo: kanga wa mbuga za Afrika Mashariki anaitwa Numida meleagris. Warumi nao walimwita ndege wa Afrika. Katika masimulizi ya baadaye, madoadoa yake meupe yakawa machozi ya dada hao. Kwa Kiswahili, maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba madoadoa hayo hayo ndiyo yaliyoipa nguo ya kanga jina lake. Mapokeo mawili yasiyotegemeana yameyatazama manyoya ya ndege mmoja: moja likaona kilio cha wanawake, jingine likaona vazi lao.

Kisa cha Ceyx na Alcyone, katika kitabu cha 11, kinaufikisha mjadala wa upatanisho kwenye ncha yake. Ceyx amekufa maji. Mwili wake unaelea kuelekea pwani. Alcyone anamrukia, na hewani anageuka ndege, ambaye mapokeo yanamtambua kuwa mdiria. Anaubusu uso wa mumewe kwa mdomo mgumu. Waliokuwapo, anasema mshairi, walishindwa kuamua kama Ceyx alilihisi busu hilo au ni wimbi lililoinua kichwa chake. Kiswahili kinauweka ubishi huo wote katika vitenzi viwili:

(2) a. Maiti hii iliinuliwa na wimbi.
b. Maiti huyu aliinua uso.

Hapa lugha haihitaji kusaidiwa na mtafsiri kwa maelezo ya pembeni. Wasiwasi wa mashahidi wa Ovidius ndio wasiwasi wa wasemaji wa Kiswahili kuhusu neno maiti. Mshairi mwenyewe anakata shauri: Ceyx alikuwa amehisi. Miungu inawahurumia, naye pia anakuwa ndege. A- imeshinda.

Kisa cha Procne na Philomela katika kitabu cha 6, hata hivyo, kinazuia usomaji wowote wa kufurahisha. Tereus, mfalme wa Thrakia, anambaka Philomela, dada wa mkewe Procne, anamkata ulimi na kumfungia kibandani msituni. Procne anapopata habari, anamkomboa dada yake, kisha wawili hao wanamuua Itys, mtoto wa Procne na Tereus, na kumlisha baba nyama yake. Anapowafukuza kwa upanga, wote watatu wanageuka ndege. Ovidius hasemi dada yupi alikuwa ndege yupi: mmoja anaelekea msituni, mwingine anapanda darini, na alama ya mauaji haijafutika vifuani mwao. Katika Kiswahili hakuna kiambishi ambacho msomaji anaweza kukigusa akasema hapa mwanamke ameisha na ndege ameanza. Wao ni wale wale, pamoja na dhuluma waliyotendewa na damu waliyoimwaga.

Ni vivyo hivyo kwa Tereus. Anakuwa hudihudi, mwenye shungi kama kofia ya vita na mdomo mrefu badala ya upanga. A- yake haikatiki pia, na hili linathibitisha kuwa kiambishi hicho si zawadi kwa wema. Kinamwacha mhalifu kuwa mtendaji wa alichokitenda. Kwa msomaji Mwislamu wa pwani, jina la hudihudi lina historia tofauti: katika Sura ya An-Naml ndiye anayemletea Nabii Suleiman habari za malkia wa Sabaa, na Suleiman anaipima habari hiyo kwanza kujua kama ni ya kweli au ya uongo. Mtafsiri anaweza kushawishika kutafuta jina jingine ili asimchafue mjumbe huyo. Ni afadhali asifanye hivyo. Tereus ndiye aliyerudi kwa mkewe na machozi ya bandia, akidai kuwa Philomela amekufa. Msomaji anayemjua hudihudi wa Suleiman atauona mgongano huo kwa ukali kuliko msomaji wa Kilatini: ndege ambaye kwingine habari yake ilithibitika kuwa kweli, hapa ni mfalme aliyeleta habari ya uongo.

5.0 Sanaa: Kitu Kinachosema

Ukweli ulifikaje kwa Procne? Philomela, asiye na ulimi, alitega uzi kwenye kitanda cha mfumi, akafuma alama za zambarau juu ya nyuzi nyeupe na kumpa mtumishi aipeleke nguo kwa malkia. Aristoteles, katika Poetiki, anakumbusha kuwa tamthilia ya Sophocles iliyopotea, Tereus, iliiita njia hiyo sauti ya chombo cha kufumia. Neno la Ovidius, notae, linaweza kuwa herufi au michoro. Apollodorus anasema wazi kuwa zilikuwa herufi. Msomaji wa Kiswahili haoni haja ya kuchagua, kwa sababu anaifahamu nguo ambayo ina michoro na maneno kwa pamoja. Yahya-Othman (1997) na Beck (2001), kila mmoja kwa njia yake, wameichunguza kanga kama sauti ya wanawake, inayosema ambalo adabu hairuhusu litamkwe.

Ulinganisho huu una mipaka. Jina la kanga huchapwa kiwandani na mvaaji hulichagua. Aliyevaa anaweza kukana kuwa alimlenga yeyote. Philomela alifuma mwenyewe na hakutaka kukana. Pamoja na hayo, nguo zote mbili zinapinga mgawanyo uliojitokeza katika maua. Ua la Hyacinthus ni kitu kilichoandikwa na mwingine juu ya aliyekufa. Nguo ya Philomela ni kitu kilichoandikwa na aliye hai juu ya yaliyompata. Katika sarufi vyote viwili ni vitu: ua lilisema, nguo ilisema. Tofauti haimo katika kiambishi cha kiima, bali katika swali ambalo kiambishi hakiwezi kulijibu: nani alishika uzi?

Arachne, mwanzoni mwa kitabu hicho hicho cha 6, alishika uzi na akalipia. Katika mashindano na mungu Minerva alifuma visa vya miungu waliojigeuza ng'ombe dume, tai na bata-maji ili kuwahadaa wanawake, na pindo la nguo yake akalipamba kwa maua yaliyosukwa na mtambaa. Maua hapo yamerudishwa mahali pake: ni pambo la pindo, wakati mji wa nguo umebeba mashtaka. Minerva hakuona kasoro katika kazi hiyo. Aliichana, akampiga Arachne kichwani, na Arachne alipojitia kitanzi akamgeuza buibui. Kichwa kinakuwa kijichwa, vidole vinakuwa miguu, lakini anafuma bado. Kiswahili kinaongeza jambo ambalo Ovidius hakuwa na njia ya kulijua: jina la mfumaji huyo aliyeadhibiwa ni jina pia la vazi. Nguo imechanwa, buibui huyu yupo.

Kinyume cha visa hivyo ni Pygmalion, katika kitabu cha 10. Mchongaji huyu anawachukia wanawake, anachonga mmoja wa pembe ya ndovu, anampenda, anamletea zawadi: kome, ndege wadogo, maua ya rangi nyingi. Sentensi iliyotangulia imekwisha kuonesha tatizo. Ni anamletea au anailetea?

(3) a. Aliigusa, ilikuwa na joto.
b. Alimgusa, alikuwa na joto.

Kilatini hapa kinakaribia Kiswahili, kwa kuwa ebur, pembe, ni ya jinsi isiyo ya kiume wala ya kike. Ovidius anasimulia badiliko kwa hatua: joto, ulaini kama wa nta juani, mishipa inayodunda chini ya kidole gumba, kisha haya, na macho yanayofunguka. Mtafsiri anaweza kuingiza -m- katika hatua yoyote. Makala haya yanapendekeza kwamba masimulizi yabaki na -i- hadi kwenye haya. Hatua zote za awali ni za mwili unaopapaswa. Haya ndiyo ya kwanza ambayo sanamu inaihisi yenyewe. Kiambishi cha kiima a- kinapaswa kutangulia kiambishi cha yambwa -m-: atambuliwe kwanza kama anayehisi, ndipo aguswe kama mtu. Pale ambapo -m- inatokea mapema, kama kwenye zawadi, ieleweke kuwa ni njozi ya Pygmalion. Ikiwa msimulizi ataikubali njozi hiyo kuwa yake, atakuwa amemsaidia mchongaji kumpata mke ambaye hajaulizwa. Ovidius hampi mwanamke huyo jina wala neno la kusema.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kuwa maua, ndege na kazi za sanaa katika Metamorphoses si njia tatu za kueleza jambo moja. Ua linakuja mtu akiwa ameondoka, na maandishi yake ni ya mwingine. Ndege anaendelea kuwa yule yule, awe aliyedhulumiwa au aliyedhulumu. Nguo na sanamu zinauliza nani ana haki ya kukisemesha kitu. Tofauti hizi zimo katika matini ya Kilatini, lakini Kilatini hakizitangazi katika kila kitenzi kama Kiswahili kinavyofanya.

Kuna mambo mawili yanayofuata. Kwanza, mtafsiri wa visasili hivi asilichukulie badiliko la kiambishi kama matokeo ya kanuni tu. Alitafutie mahali pake kwa kusoma ni nani anayetenda, anayehisi na anayeandika katika kila hatua, na aliahirishe au kuliwahisha kwa sababu anayoweza kuitetea. Pili, visasili vya jamii za Waswahili na jirani zao vinavyowageuza watu kuwa ndege, miti au mawe vinastahili kusomwa kwa nyenzo hii hii, kwani huko msimulizi anazungumza lugha yenye upatanisho wa aina hii tangu mwanzo. Kiambishi anachokichagua anapolifikia tukio la ugeukaji kinaweza kuwa ndicho hukumu yake.